Friji Ndogo ya Peltier Imeacha Kupoza: Itafute Shida Kuanzia Mgongoni

Weka kiganja mgongoni mwa friji, pale hewa inapotokea. Fanya hivyo kabla ya kushika bisibisi, kabla ya mita, kabla hata ya kumpigia fundi. Joto utakalolihisi hapo, au utakalolikosa, litakuambia nusu ya ugonjwa.

Nasema hivi kwa sababu karibu kila mtu anayeletewa friji hizi huanza kwa kufungua mlango na kupapasa ndani. Ndani pana joto, basi anahitimisha: kigae, yaani kile kipande kinachozalisha baridi, kimekufa, kibadilishwe. Dada mmoja mwenye saluni aliwahi kuniletea ya lita 10 iliyokwisha kubadilishwa kigae mara mbili kwa muda wa miezi michache, na kila mara ilipoza wiki mbili tatu kisha ikarudi kule kule. Feni ya nyuma ilikuwa imejaa nywele na unga wa poda, inazunguka kwa kusuasua. Vigae vyote viwili vilikuwa vimechomwa na joto lililokosa pa kutokea. Pesa aliyolipia vigae ingemnunulia feni kadhaa, na hilo liliniuma kama vile hela ni yangu.

Unashughulika na friji ya aina gani

Mwongozo huu ni wa friji zisizo na kompresa: zile ndogo za chumbani, ofisini, saluni au za kwenye gari, nyingi zikiwa za lita 4 hadi 20 hivi. Ukiichomeka haingurumi, unasikia feni tu. Haina gesi, haina mabomba, na unaweza kuibeba kwa mkono mmoja. Kama yako ina lile dude jeusi zito chini kwa nyuma, hiyo ni ya kompresa na hatua hizi haziihusu.

Moyo wake ni kipande cheupe cha mraba, sentimita 4 kwa 4, chembamba kama milimita 4, chenye nyaya mbili, mwekundu na mweusi. Mafundi hukiita Peltier. Mimi hapa nitakiita kigae, kwa kuwa nyuso zake mbili ni kauri kweli. Katikati ya kauri hizo kuna vipande vidogo vya mchanganyiko wa bismathi na teluri, kwa kawaida jozi 127, vimelehemewa kwa kufuatana kama shanga kwenye uzi. Umeme wa DC, yaani ule wa upande mmoja kama wa betri, ukipita, uso mmoja unapoa na wa pili unapata moto. Mfaransa Jean Peltier aliligundua jambo hili mwaka 1834. Mwaka 1838 Emil Lenz, kule St. Petersburg, aligandisha tone la maji kwenye maungio ya bismathi na antimoni, kisha akageuza upande wa mkondo na barafu ikayeyuka. Likumbuke tone hilo, tutalirudia tukifika kwenye nyaya zilizounganishwa kinyume.

Kinachofanyika humo ni kuhamisha joto. Kigae huchukua joto la ndani na kulisukuma nyuma, na umeme wote kilioutumia nao hugeuka joto huko huko nyuma. Kikila wati 50 na kuondoa wati 20 za joto kutoka ndani ya friji, mgongo unapaswa kutupa wati 70. Kazi hiyo inafanywa na hitisinki, yaani kile kipande kikubwa cha alumini chenye mapezi, na feni iliyofungwa juu yake. Feni ikisimama, joto hujaa nyuma na kurudi ndani kupitia kigae kile kile, kwa maana umbali wake ni milimita 4 tu. Ndiyo sababu friji hizi zikiugua huwa na joto ndani kuliko hata chumba zilimo.

Kwanza, hakikisha ni mbovu kweli

Friji ya Peltier haina nyuzi joto maalumu inazofikia. Inashuka kiasi fulani chini ya joto la chumba, na kwa friji nyingi ndogo kiasi hicho ni nyuzi 15 hadi 20 basi. Chumba chenye nyuzi 22 kitakupa soda ya baridi. Chumba cha mabati Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, chenye nyuzi 33, kitakupa soda ya nyuzi 13 au zaidi, na hapo friji itakuwa inafanya kazi yake yote. Watu wengi walionunua friji msimu wa baridi huamini imeharibika joto linapoingia. Haijaharibika.

Kwa hiyo pima. Weka glasi ya maji ndani, ifunge, iache usiku kucha, asubuhi chovya kipimajoto kwenye yale maji. Pima na hewa ya chumba. Tofauti ikiwa nyuzi 15 au zaidi, rudisha bisibisi kabatini na shughulikia mazingira: isogeze mbali na ukuta kwa kama sentimita 10, iondoe juani na kando ya jiko, usiipachike ndani ya kabati la nguo. Usiijaze chupa zenye joto kwa mpigo mmoja, kwani kwa nguvu yake ndogo itahitaji saa nyingi kuzipoza. Bana kipande cha karatasi mlangoni kisha kivute. Kikitoka bila kukwama popote, mpira wa mlango umelegea hapo na hewa ya joto inaingia.

Angalia pia swichi. Friji nyingi za aina hii zina swichi ya kuchagua kupoza au kupasha joto, iko nyuma, na mtoto au kitambaa cha kudekia huweza kuihamisha. Kwa upande wa kupasha, mkondo unageuzwa na kigae kinafanya kinyume, kama tone la Lenz. Nimeona friji iliyozungushwa kwa mafundi wawili kabla ya mtu kuitazama swichi hiyo.

Neno moja la dhati kwa wenye mgonjwa nyumbani. Insulini ambayo haijaanza kutumika inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na kwenye joto la pwani friji hii haiwezi kukuhakikishia hilo hata ikiwa mpya. Nyama, samaki na maziwa vivyo hivyo. Soda, maji, matunda na vipodozi, sawa.

Sasa mikono na masikio

Iwashe, subiri dakika 15, kisha sikiliza na upapase mgongo na lile bapa la alumini lililo ndani.

Ikiwa kimya kabisa, haina taa wala feni, umeme haufiki: nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya umeme hapa chini.

Feni ya nyuma ikiwa kimya na hitisinki ina moto wa kukufanya utoe mkono, chomoa mara moja. Kila dakika unayoiacha hivyo unakipika kigae. Lehemu inayotumika ndani ya vigae vingi vya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 138, na huanza kuchoka mapema kabla ya hapo.

Feni inazunguka vizuri lakini hewa inayotoka haina hata uvuguvugu? Hapo kigae hakipati umeme, au kimekatika ndani.

Bapa la ndani likiwa la moto na mgongo ukawa wa baridi, mkondo umegeuka: ni swichi, au kuna aliyefungua na kubadilishana nyaya.

Hali ya mwisho ndiyo inayosumbua zaidi: mgongo una uvuguvugu, ndani kuna ubaridi wa kuhisi kwa mbali, yaani inapoza kwa kulegalega. Hiyo inaweza kuwa vumbi, volti pungufu, pesti iliyokauka (ule mpako unaopitisha joto kati ya kigae na alumini), au kigae kilichozeeka, na itabidi ufuate hatua zote kwa zamu. Usiruke.

Feni na vumbi

Chomoa friji. Kava la nyuma kwa kawaida limeshikwa na parafujo nne hadi nane. Piga picha ya nyaya kwa simu kabla hujagusa. Utakuta feni ya plastiki nyeusi, mara nyingi ya upana wa milimita 80 au 92, ya volti 12 za DC, na chini yake mapezi ya hitisinki. Kwenye nyumba zetu za madirisha ya nyavu, vumbi hujipanga katikati ya mapezi kama blanketi. Litoe kwa brashi kavu ya rangi na upepo wa blowa. Ukitumia blowa, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo, yanaweza kuharibu bushi zake, yaani pete zinazoshika mhimili. Usimwage maji.

Zungusha feni kwa kidole. Inatakiwa iende raundi kadhaa na kusimama taratibu. Ikikwama, ikikwaruza au ikiwa na mchezo wa kucheza juu na chini, bushi imekwisha. Tone la mafuta ya cherehani chini ya stika ya katikati huifufua, nami hufanya hivyo mteja akiwa na haraka, ila huwa namwambia wazi kwamba ni dawa ya wiki chache. Nunua mpya yenye upana ule ule, unene ule ule na volti 12. Soma pia ampia kwenye stika: feni ya ampia 0.1 uliyoiweka mahali pa ile ya ampia 0.25 itazunguka, na utadhani umemaliza, kumbe hewa inayopita ni ndogo. Unapoifunga angalia mshale wa upande wa hewa uliochorwa ubavuni, ufuate ule wa feni ya zamani.

Nyingi zina feni nyingine ndogo ndani, nyuma ya tundu la wavu. Hiyo nayo huchakaa, hasa kwa unyevu. Na kwenye hewa yenye unyevu mapezi ya ndani huweza kufunikwa na barafu hadi hewa isipite. Dawa yake ni kuizima, kuacha mlango wazi nusu siku na kufuta maji yote kabla ya kuiwasha tena.

Umeme: unaingia kiasi gani, unafika kiasi gani

Hapa tahadhari kwanza. Ubao wa pawa saplai ulio ndani ya friji hupokea umeme wa nyumbani na kuugeuza kuwa volti 12 za DC, na kapasita yake kubwa, kile kifaa kinachohifadhi chaji, hubaki na volti zaidi ya 300 za DC hata baada ya kuchomoa. Hizo zinaua. Kama hujazoea kufanya kazi kwenye bodi za namna hiyo, usiguse upande huo wa ubao. Vipimo vyote ninavyoeleza hapa ni vya upande wa volti 12, na hivyo vinatosha kukuonyesha mwenye kosa.

Kwa friji ya gari, anza na plagi. Fungua ncha yake. Ndani kuna fyuzi ndogo ya kioo, ikikatika weka ya ampia zile zile zilizoandikwa. Kisha tazama springi na kifuniko. Ampia 4 au 5 zikipita muda mrefu kwenye mguso mbovu huyeyusha plastiki, na mguso ulioungua hupunguza volti hata kama taa bado inawaka.

Kwa friji ya nyumbani, weka mita kwenye volti DC 20, gusisha probu zake, yaani ncha za nyaya za mita, kwenye nyaya nyekundu na nyeusi zinazoingia kwenye kigae, friji ikiwa imewashwa. Kipime kikiwa kimeunganishwa. Hili ni la lazima, maana pawa saplai mgonjwa huonyesha volti 12 safi isipobebeshwa mzigo, kisha ikapewa kigae ikaporomoka hadi 5 au 4. Ukikuta kati ya 11 na 13, upande wa umeme ni mzima. Baadhi ya friji zina hali ya kubana matumizi inayopunguza volti zikishapoa, hivyo pima friji ikiwa ya joto na kidhibiti kikiwa kwenye baridi ya mwisho.

Ukikuta volti pungufu, tazama kapasita za upande wa kutoka. Vichwa vilivyotuna au vilivyovuja ute wa kahawia ndiyo mwizi wako, na kuzibadilisha ni kazi ndogo kwa fundi wa redio. Ukikuta sifuri ilhali feni inazunguka, umeme umekatwa kati ya saplai na kigae: konekta iliyoungua, swichi, kidhibiti, au fyuzi ya joto, ile inayokata umeme hitisinki ikipata moto kupita kiasi.

Ubao ukiwa umekufa kabisa kuna njia ninayoipenda kuliko kuukarabati. Pawa saplai za kamera za CCTV na za taa za LED, zile za kava la bati lenye matundu, zinatoa volti 12 na ampia 5 au 10, na zinapatikana popote wanapouza vifaa vya umeme, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue. Chukua ya ampia 10 ili ifanye kazi bila kuhema. Iweke nje ya friji mahali penye hewa, funika vituo vyake vya umeme wa nyumbani, weka fyuzi ya ampia 7 hivi kwenye waya chanya, na feni zote ziunge humo humo ili kigae kisije kikawaka peke yake. Utapoteza kidhibiti cha joto, lakini friji hizi nyingi hata hivyo hufanya kazi mfululizo.

Kwa wenye sola nawaomba wapige hesabu kabla. Wati 50 kwa saa 24 ni uniti 1.2 kwa siku. Betri ya 12V 100Ah ina karibu kiasi hicho hicho ikimalizwa hadi chini, jambo ambalo halifai kwa betri. Inapoza vibaya usiku wa manane kwa sababu betri imelala, na lawama inapewa friji.

Sensa na fyuzi ya joto

Kama friji yako ina namba za nyuzi joto mbele au kitufe cha kupanga, ndani yake kuna sensa ndogo kama tone jeusi kwenye nyaya mbili nyembamba. Ukinzani wake, yaani kiasi inavyozuia umeme kupita, hushuka inapopata joto. Nyingi ni za kiloomu 10 kwenye nyuzi 25. Ichomoe kwenye ubao, ipime, kisha ibane kwa vidole: namba ishuke taratibu. Isiposoma kitu, imekatika, na hapo ndipo penye mtego: ukinzani mkubwa mno kwa akili ya ubao unamaanisha baridi kali, kwa hiyo ubao unakizima kigae ukiamini kazi imekwisha. Friji nzima inasimama kwa ajili ya sensa ya bei ndogo.

Fyuzi ya joto huwa imebanwa kwenye hitisinki. Ikiwa imekatika, tafuta kwanza kilichoikata, na mara tisa kwa kumi utarudi kwenye feni. Usiirukie kwa waya. Ile ndiyo inayozuia plastiki isiwake moto mkiwa mmelala.

Kigae chenyewe

Sasa tumefika kwake, na umeona tumepita mangapi kwanza.

Soma maandishi yake kama yanaonekana. TEC1-12706 ndicho cha kawaida: 127 ni idadi ya jozi, 06 ni ampia 6 za juu kabisa. Kwenye volti 12 huanza na mkondo mkubwa, kisha kadiri tofauti ya joto inavyokua mkondo unashuka na kutulia kwenye ampia 4 hivi. Weka mita kwenye tundu la 10A, iunge kwa mfululizo na waya mwekundu, yaani umeme upite ndani ya mita kabla ya kufika kwenye kigae. Sifuri ikiwa volti zipo inamaanisha kimekatika ndani, hakitengenezeki. Ampia 1 au 2 tu kwenye 12706 inamaanisha maungio yamechoka.

Kukipima ukinzani kunahitaji ujanja. Kigae chenye tofauti ya joto kati ya nyuso zake huzalisha umeme chenyewe, na umeme huo hudanganya mita. Unaweza kuona hata namba hasi. Chomoa nyaya zake kwenye friji, kiache dakika 20 au zaidi kitulie, kipime, kisha badilishana probu na upime tena. Wastani wa namba hizo mbili ndio ukweli. Toa na ukinzani wa nyaya za mita yako, utakaoupata kwa kugusanisha probu. Kigae kizima cha 12706 kinasoma karibu omu 2. Kikisoma 3 na kuendelea kimeanza kuzeeka.

Kama huna imani na mita, chukua betri moja ya AA. Gusisha nyaya za kigae kilicho mkononi kwenye ncha zake. Ndani ya sekunde chache uso mmoja utapoa, na utauhisi vizuri ukiuweka kwenye kifundo cha mkono. Betri hiyo haina nguvu ya kukidhuru. Volti 12 ni habari nyingine: bila hitisinki usizithubutu hata kwa muda wa kuhesabu kumi, maana uso wa moto hupanda haraka mno na lehemu inaachia.

Kukibadilisha bila kukiua

Nunua namba ile ile. Nimewaona watu wakiweka 12710 au 12715 wakitegemea baridi zaidi. Pawa saplai inalemewa, na hata ikihimili, hitisinki ile ndogo haiwezi kutupa joto lote hilo, kwa hiyo friji inapoza kidogo kuliko zamani. Hitisinki ndiyo inayoamua ukubwa wa kigae.

Legeza parafujo zinazobana hitisinki kwa kupokezana. Kila moja ina washa ya plastiki. Zitunze kama mboni ya jicho, kwa sababu parafujo ya chuma isiyo na washa hiyo hugeuka njia ya joto kurudi ndani. Hitisinki ikigoma kutoka, izungushe kidogo kulia na kushoto, usiichokonoe kwa bisibisi. Katikati utakuta kigae, kikizungukwa na fremu ya sponji, na upande wa ndani kuna kibonge cha alumini kinachopeleka baridi kupita unene wa ukuta. Sponji ikiwa imelowa, ikaushe kabisa au uibadilishe. Maji yakikizunguka kigae huozesha maungio kidogo kidogo, na kwa mji wa pwani hicho ndicho kifo chake cha pili baada ya feni.

Safisha nyuso zote mbili za alumini kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Pesti ya zamani iliyokauka kama chokaa haipitishi joto, na kuna friji nilizozitibu kwa kubadilisha pesti tu, kigae kile kile. Tumia pesti wanayopaka mafundi wa kompyuta juu ya prosesa. Paka safu nyembamba kiasi cha kuona kauri kwa mbali chini yake. Ukipaka kama siagi kwenye mkate umeweka godoro kati ya kigae na alumini.

Upande upi uangalie ndani? Maandishi mara nyingi huwa upande wa baridi, lakini watengenezaji hawafanani, hivyo amua kwa betri ya AA: nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, tia alama ya kalamu kwenye uso uliopoa. Alama hiyo ielekee kwenye kibonge cha ndani. Nyaya zitoke upande wa chini ili maji ya umande yadondoke badala ya kutambaa kuingia kwenye kigae.

Rudisha hitisinki na kaza parafujo nusu mzunguko moja, nusu mzunguko ya mkabala, ukizunguka hivyo hadi zote zishike. Kauri haipindi. Ukikaza upande mmoja kwanza utasikia mlio mdogo, na kigae kipya kimeshapasuka. Kubana kwake kuwe kwa kutosha hitisinki isisogee ukiisukuma, basi. Ukitaka kuziba pembeni kwa silikoni dhidi ya unyevu, chagua isiyonuka siki, maana ile yenye harufu ya siki hula shaba ya nyaya.

Jaribio

Kabla ya kufunga kava, washa na utazame feni ya nyuma ikizunguka. Bapa la ndani lianze kupoa ndani ya dakika moja au mbili na mgongo uanze kutoa uvuguvugu. Kinyume chake kikitokea, zima, badilishana nyekundu na nyeusi ya kigae. Baada ya nusu saa pima tena volti na ampia, kisha gusa konekta na nyaya. Waya wenye moto ni mwembamba mno au umeungwa vibaya. Hitisinki inatakiwa iwe ya joto unaloweza kulivumilia kwa kiganja bila kutoa mkono. Kama hulivumilii na feni ni nzima, pesti haijashika sawasawa au parafujo hazijabana, na itabidi ufungue tena.

Funga kava, iweke mahali pake pa kudumu, sentimita 10 kutoka ukutani. Glasi ya maji ndani, usiku kucha. Asubuhi chumba kikiwa na nyuzi 29 na maji yakasoma 13, imepona. Andika tarehe kwenye kipande cha plasta ubandike mgongoni, na miezi mitatu baadaye uingie tena na brashi.